Mayai Yasiyoacha Maganda

Jikoni kwa Gesi hapakuwa na saa ya ukutani. Saa ilikuwa sufuria. Maji yakianza kunung'unika, ni saa kumi na mbili na nusu. Mayai yakianza kugongana humo ndani kama yanagombea siti, ni saa moja kasorobo. Akishayaipua na kuyamwagia maji ya baridi, anasikia watoto wanasukumana mlangoni, wengine mashati hawajafunga vifungo, na hapo ndipo siku yake inaanza kueleweka.

Jumatatu hiyo mayai yaligongana, yakaiva, yakamwagiwa maji, yakapoa. Mlangoni kimya tena. Mpaka anafunga chumba cha chai walikuwa wameingia watoto tisa. Tisa, kwenye chumba kilichozoea kujaa mpaka wengine wanakunywa chai wamesimama! Akayatazama mayai yaliyobaki, akayafunika kwa taulo kwa hasira, kama mtu anayemfunga mdomo shahidi.

Jina lake halisi alilijua mama yake na karatasi ya mshahara. Wengine wote walimwita Gesi, kwa sababu hahitaji moto mkubwa. Cheche moja, basi, shika kichwa chako. Alikuja mji huu ana miaka saba, yeye, mama yake, kaka yake aliyemzidi miaka mitano, na begi moja lenye zipu mbovu. Akasoma shule hii hii mpaka alipomwambia mwalimu mmoja ukweli wake mbele ya darasa zima, akaonyeshwa geti. Akauza soksi stendi, akaosha vyombo hotelini, akagombana na mwenye hoteli. Mwishowe shule iliyomtoa kwa geti la mbele ikamrudisha kwa mlango wa jikoni: apike chai ya asubuhi kwa watoto wanaokuja bila kitu tumboni. Wengi wao walikuwa watoto wa wahamiaji, watoto wa kuja, kama wanavyoitwa mtaani. Kama yeye zamani.

Kazi hiyo aliipenda mno, ila mwenyewe hakusema. Kilichompa kiburi zaidi ni sahani. Zilirudi safi. Si mkate, si yai, hata maganda hayakuwepo.

"Angalia, mzee," alikuwa akimringia mlinzi wa geti. "Wengine wakipika watu wanabakiza. Mimi nikipika wanakula mpaka maganda."

"Labda wanaogopa kubakiza," mlinzi alimjibu. "Na mimi ningeogopa."

Sasa utasema, mbona chumba kikawa kitupu? Alikifanya kitupu mwenyewe. Wiki tatu nyuma alimwona msichana mmoja wa darasa la nne, mwembamba, nywele zimefungwa shungi moja juu ya kichwa kama kishikio cha birika, wenzake wakimwita Kishungi. Kishungi alikuwa anatoka mlangoni taratibu mno. Mtoto mwenye haki yake hatembei taratibu hivyo. Gesi akamshika mkono, mkono wa sweta ukawa mzito, akautikisa: likaanguka yai, likaanguka la pili, kikafuata kipande cha mkate.

Ukutani palikuwa na kibao, kimeandikwa kwa herufi nyekundu: CHAKULA HAKITOKI MLANGONI. Na Gesi ndiye aliyekipigilia misumari.

"Mwizi wewe!" Alipiga kelele mpaka vijiko vikanyamaza. "Unakula, unashiba, halafu unaiba? Chakula cha wenzako? Huna haya?"

Kishungi hakulia. Aliokota yale mayai, akayaweka mezani moja moja, akatoka. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hawakuja wenzake. Wiki ilipokwisha watoto wa kuja wote walikuwa wamekata mguu pale, bila mkutano, bila barua. Umemwita mmoja wao mwizi, umewaita wote.

Jumatatu hiyo ya watoto tisa, Mwalimu Mkuu alikuja jikoni na daftari lake kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa daftari tu.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini chumba kizima kwa watoto tisa? Nina viti vimelala kwenye korido vinasubiri pa kuwekwa."

"Watarudi, Mwalimu."

"Lini?"

"Ijumaa," Gesi akasema. Kwa nini Ijumaa, hata yeye hakujua. Mdomo wake ulikuwa na tabia ya kutangulia.

"Haya. Ijumaa nakuja mwenyewe kuhesabu. Nikikuta thelathini wamekaa wanakula, chumba kinaendelea. Wakipungua hata mmoja, Jumatatu unanirudishia funguo."

Mkuu akatoka. Gesi akabaki ameshika mwiko. Hakuwa anaogopa kukosa kazi. Kazi alishakosa mara nyingi, alikuwa na uzoefu. Kilichomkaba ni kwamba watoto wote wale wataingia darasani na matumbo yanalia, na mkosaji ni mdomo wake. "Hakifungwi," aliiambia sufuria. "Hiki chumba hakifungwi, hata iweje."

Jumanne akaanza kwa njia anayoijua. Alisimama getini na mwiko mkononi, akawapigia kelele waliokuwa wanapita.

"Nyie! Njooni mle! Mayai yanapoa!"

Watoto wakaongeza mwendo.

"Tumeshakula, anti!" mmoja akajibu akiwa mbali.

"Mmekula nini?"

"Tumeshakula tu!"

Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamwangukia puani. "Binti, unawaita kula au unawakamata? Mimi mwenyewe sijala, lakini kwa sauti hiyo naapa nimeshiba."

"Mzee, usinitibue."

"Nani anaweza kukutibua? Umezaliwa umetibuka."

Jumatano akaacha mwiko, akaacha kelele. Alimwachia mlinzi sufuria, akazunguka nyuma ya shule. Huko kulikuwa na barabara nyembamba, na ng'ambo ya barabara palikuwa na chekechea yenye ngazi tano za saruji. Mlango wa chekechea ulikuwa umefungwa bado. Na kwenye zile ngazi, jamani, walikuwepo wote. Watoto wake wote aliokuwa anawatafuta, na kila mmoja ana mdogo wake pembeni au mapajani, wa miaka mitatu, minne.

Gesi akajibanza nyuma ya gari lililoegeshwa.

Kishungi alikuwa ngazi ya chini na mdogo wake wa kike, katoto ka miaka minne kenye mashavu, kamekaa kama kako ofisini. Wenzake walikaita Bosi. Kishungi alitoa kipande cha mkate mkavu mfukoni, akakipuliza vumbi, akampa.

"Maji," Bosi akaamuru.

Akapewa chupa.

"Na wewe?" Bosi akauliza, mdomo umejaa.

"Mimi nimeshakula."

"Wapi?"

"Nimeshakula, wewe kula."

Yule dada mtu alikuwa anautazama ule mkate jinsi unavyopungua. Hakuugusa. Bosi alipoacha kipande cha gamba kisichozidi kidole, ndipo Kishungi akakitia mdomoni haraka, kama mtu anayefuta kosa ubaoni. Gesi akageuza macho kwenye ngazi nyingine: ni yale yale. Wadogo wanatafuna, wakubwa wanasubiri, na kila mkubwa "nimeshakula."

Basi kichwani mwake ukaanza mkanda mwingine kabisa. Aliona zile sahani zake safi. Yai utalilaje, ewe mpishi hodari, bila kuacha ganda mezani? Miezi yote ile hakuna aliyekuwa anakula mpaka maganda. Walikuwa wanakunywa chai tu, mayai na mkate vinaingia kwenye sweta, vinavuka barabara, mdogo anaanza, na mkubwa anapata kinachobaki. Mmoja wao hubaki nje kwa zamu, kulinda wadogo. Ulikuwa mpango mzuri kuliko wa Mkuu na daftari lake. Na yeye akasimama mlangoni akauita wizi.

Alirudi jikoni, akampigia simu kaka yake. Kaka siku hizi anaendesha lori.

"Kaka, nikuulize. Tulipokuwa shule, asubuhi ulikuwa unanipa mkate. Wewe ulikuwa unakula wapi?"

"Si nilikuwa nakwambia? Nilikuwa nimeshakula."

"Wapi?"

Upande wa pili injini ikanguruma. Kisha kaka akaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekamatwa baada ya kesi kuisha.

"Wewe nawe! Umri wote huo ndiyo unauliza leo? Nyumba gani ilikuwa na mikate miwili?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungekula? Mkubwa hawezi kutafuna mdogo wake anamtazama, hakishuki. Mama hakutufundisha hivyo?"

"Mimi nilikuwa mdogo, nilifundishwa kula."

"Na ulifuzu," kaka akasema. "Acha niendeshe."

Gesi akabaki na simu sikioni, macho yanawasha. Akasingizia vitunguu. Jikoni kwake hakukuwa na vitunguu.

Mchana huo huo alimfuata Mkuu ofisini.

"Mwalimu, niruhusu niwaingize wadogo zao. Nusu saa tu."

"Asiye mwanafunzi haingii ndani ya uzio. Mtoto wa mtu akiangukia kwenye sufuria yako, nani anajibu?"

Cheche ikaja mpaka kwenye meno. Gesi akaimeza. "Sawa. Na barabara ya nyuma, ile ya chekechea, iko ndani ya uzio wako?"

"Barabara? Hapana. Ya nini?"

"Nauliza tu."

Jioni jua likiwa bado kali, akapanda ngazi za jengo moja lenye fundi viatu chini. Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho. Mama yake Kishungi alikuwa anapiga pasi sare juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Kazi yake ilikuwa kufagia maofisi kabla wenyewe hawajafika, hivyo alfajiri anaondoka wanawe wamelala, na Kishungi ndiye anayemwamsha Bosi, anamwogesha, anamvalisha, anampeleka. Kishungi alimwona mgeni, akaingia nyuma ya pazia.

"Dada, shikamoo. Mimi ni yule wa chai ya shuleni."

Pasi ikasimama. "Wewe ndiye uliyemwita mwanangu mwizi?"

"Ni mimi."

"Nilimchapa siku ile. Nimeambiwa mwanangu mwizi, nikamchapa kwanza, nikauliza baadaye. Aliponieleza nikataka kujichapa mwenyewe. Nikamwapisha asikanyage tena mlango ule."

"Nimekuja kuomba radhi."

Mama akanyanyua pasi, akaisukuma kwenye kola. Hakukaribisha mtu kiti.

"Ulimtukana wapi?"

"Kwenye chumba cha chai."

"Mbele ya nani?"

"Ya wote."

"Sasa mbona radhi unaileta huku, ghorofa ya tatu, mlango umefungwa? Hapa nani atasikia? Mimi na pasi?"

Kwa kawaida hapo Gesi angekuwa amewaka, na fundi viatu chini angejua kuna mgeni. Lakini alisimama na mikono yake, hajui pa kuiweka.

"Ijumaa," akasema. "Saa moja na robo, barabara ya nyuma. Njoo usikie."

"Nina kazi."

"Basi mwache aje yeye. Amlete na Bosi. Hatapita mlangoni kwangu kama amekuapia. Nitafungua sehemu nyingine."

Mama akageuza sare upande wa pili. Ila Gesi alipokuwa anatoka alisikia nyuma ya pazia sauti ndogo ya kibosi ikiuliza: "Huyo ndiye wa mayai?"

Chumba cha chai kilikuwa na dirisha moja kubwa upande wa barabara ya nyuma. Miaka mingi lilikuwa limezibwa na wavu wa chuma, na mbele yake wamesukuma kabati bovu. Alhamisi, watoto wakiwa darasani, Gesi alilisukuma lile kabati kwa bega mpaka likasogea likilalamika. Kisha akaenda getini.

"Mzee, nipe bisibisi."

"Ya kumchoma nani?"

"Nipe kwanza."

Misumari ya wavu ilikuwa imeota kutu. Mmoja ukatoka, wa pili ukagoma, wa tatu ukamchana kiganja. Akakifunga kitambaa, akaendelea, akiutukana kila msumari kwa jina lake. Mlinzi alisimama pembeni akitoa ushauri usioombwa, halafu akachoka kutazama, akavua koti, akashika upande wa pili. Saa tisa wavu ukaanguka kwa kishindo. Mwanga ukaingia ndani ya kile chumba, wakaona vumbi lilivyo jingi, wote wawili wakaanza kupiga chafya.

"Sasa?" mlinzi akauliza akijipangusa.

"Sasa benchi lako la getini tunaliweka nje hapa, chini ya dirisha. Meza za ndani tunazisogeza karibu, ili mkubwa akikaa ndani amwone mdogo wake nje. Na kwenye benchi tunaweka mtu mzima wa kuwalinda wasiingie barabarani."

"Mtu mzima gani huyo?"

Gesi akamtazama tu.

"Aa! Binti, mimi nina geti!"

"Geti halikimbii. Watoto wanakimbia."

Ijumaa ikafika. Saa moja na robo Gesi alifungua dirisha wazi, akapanga mayai kwenye trei, mkate, maziwa ya moto kwenye vikombe vidogo. Ng'ambo kwenye ngazi wale watoto walinyoosha shingo. Hakuna aliyenyanyuka. Kishungi alikuwepo, ngazi ile ile ya chini, Bosi mapajani. Na kwenye kona ya chekechea, na ndoo na sare ya kazi, alisimama mama yao. Ametoroka ofisi ya watu.

Gesi hakupita mlangoni. Aliruka dirisha na aproni yake, akafikia barabarani kwa goti moja, akasimama.

"Wewe wa shungi!" Sauti ilikuwa ile ile. Watoto wakashtuka, mpita njia mmoja akasimama. "Nilikuita mwizi mbele ya watu. Nilikosea! Hukuiba. Ulikuwa unalisha mdogo wako na wewe mwenyewe hujala. Wa kuona haya ni mimi. Nisamehe. Na nyie wote nisameheni!"

Ndani birika likaanza kuchemka.

"Mbona anatugombeza?" Bosi akauliza.

Mmoja akacheka, wa pili akafuata. Kule kwenye kona mama yao akaweka ndoo chini, akatikisa kichwa mara moja, kule kutikisa kwa kukubali. Kishungi akamwona. Akasimama, akamshika Bosi mkono, wakavuka. Nyuma yao ngazi zikaanza kumwaga watoto.

"Wadogo kwanza!" Gesi akasema, ameshapanda tena ndani. "Wadogo kwenye benchi. Wakubwa mnaona wenyewe."

Mkuu alifika saa moja na nusu kama alivyosema, daftari mkononi. Akatazama ndani ya chumba. Meza zimeandaliwa, watu ni wale wale tisa.

"Dada, nasikitika..."

"Tazama nje."

Akachungulia dirishani. Chini yake benchi limejaa watoto wa chekechea wenye midomo ya maziwa, mlinzi yuko katikati anamenya yai kwa heshima zote, na nyuma yao wakubwa wamesimama mstari, mikono mfukoni, wanasubiri.

"Chakula hakitoki..." Mkuu akaanza.

"Mlangoni, Mwalimu. Kibao kinasema mlangoni. Mlangoni hakijatoka kitu. Na kibao chenyewe leo nakitoa." Akasogea akasimama mbele ya njia. "Umesema unakuja kuhesabu. Subiri wamalize."

"Nina kikao."

"Na mimi nina watoto. Kaa."

Ungemwona alivyosimama pale na mwiko, na wewe ungekaa. Mkuu akakaa.

Wadogo wakaanza kumaliza, mmoja mmoja. Kila aliyemaliza, mkubwa wake alimpangusa mdomo kwa mkono wa sweta, akazunguka kupitia getini, akaingia, akakaa mezani upande wa dirisha, akavuta sahani. Na safari hii walikula. Maganda yakaanza kurundikana, na Gesi akayatazama kama mtu anayetazama maua. Mkuu akahesabu kwa kalamu. Kumi na nane. Ishirini na tano. Ishirini na tisa.

Ikabaki Bosi.

Bosi hakuwa na haraka na mtu. Alikuwa anauma kiini cha yai kidogo kidogo, anakitazama, anaongea nacho. Kishungi amesimama nyuma yake. Zimebaki dakika chache chekechea ifunguliwe. Mkuu akatazama saa. Akafunika kalamu.

Gesi alihisi maneno yanapanda kooni, moto kama kawaida: wewe mtoto, tafuna! Akashika kingo za dirisha kwa mikono miwili, kiganja chenye kidonda kikauma, akafunga mdomo. Mlinzi baadaye aliapa kwamba tangu amjue hajawahi kuona kitu kigumu kama kile.

Bosi akameza. Akanywa maziwa mpaka mwisho. Akageuka.

"Haya," akamwambia dada yake. "Kula na wewe."

Kishungi alikuja mbio, akafika dirishani, akasita. Aliapa kutokukanyaga mlango ule, na kiapo ni kiapo. Gesi akamnyooshea mkono, akamvuta ndani kwa dirisha, shungi likagonga fremu. Akamkalisha kwenye kiti cha mwisho, akamwekea mayai mawili na mkate.

"Thelathini," Mkuu akasema, akaandika.

Lakini Kishungi hakugusa sahani. Alimtazama Gesi, kitambaa chake kiganjani, aproni yake imeingia vumbi la barabara.

"Anti, wewe umekula?"

"Mimi nimeshakula," Gesi akajibu haraka.

Kishungi akamwangalia jinsi fundi anavyoangalia kazi ya fundi mwenzake. Akachukua yai moja, akaligonga mezani, akalimenya, akalisukuma upande wa pili.

"Kaa," akasema. "Nakungoja wewe."

Gesi akavuta kiti.